Kibao Shingoni mwa Mama

Jumatano, 6 Novemba 1974

Leo nimemvisha mama yangu kibao. Nilidhani nikijaribu kuliandika kalamu itakataa. Haikukataa.

Darasa la watu wazima lilijaa, mgeni kutoka mjini, aliyekuja kukagua masomo, kakaa nyuma na daftari lake. Sheria niliitunga mwenyewe: darasani Kiswahili tu, atakayeteleza akasema cha nyumbani anavaa kibao cha mbao shingoni mpaka mwingine ateleze. Mgeni alipoingia tu, mama akainuka, akapiga makofi taratibu, akamwamkia — mwangaluka! Kinyamwezi, kwa heshima zote. Watu wote wakanitazama mimi. Ningefanyaje? Niseme mama wa mwalimu hana sheria? Nikamvisha. Akainamisha kichwa ili kamba ipite kwenye kilemba. Mgeni akanisifu, eti mwalimu huyu hana upendeleo.

Nikaona fahari. Mungu anisamehe, kwa dakika tano nzima.

Alhamisi, 7 Novemba 1974

Shikamoo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mama anapepeta mtama kama vile ni upepo uliopita. Kibao hajavua. Mama, darasa limekwisha, vua basi. Wapi!

Jumamosi, 9 Novemba 1974

Mke wangu Koleta amejifungua! Wa kike, mzima, sauti yake inafika stesheni ya Kigwa! Nimerukaruka uwanjani kama mwehu. Mama ndiye aliyempokea mtoto. Hata kigelegele hakupiga.

Jumatatu, 11 Novemba 1974

Nina shida. Kwetu kitovu kikidondoka mtoto anatolewa nje. Bibi yake mzaa baba anampulizia maji ya mdomoni, ndipo anawatajia waliotangulia jina lake. Lakini haanzi mpaka baba wa mtoto aombe, kwa maneno ya ukoo, kwa Kinyamwezi. Asipoomba, mtoto anabaki ndani, hana jina.

Nimeomba mapema, kwa Kiswahili. Safi, cha redioni. Mama akanitazama, akanigeuzia mgongo.

Nikamsihi Koleta aniombee. Yeye ni mtu wa Nzega, Kinyamwezi kwake ni kama kunywa uji. Akasema: kibao ulimvisha wewe, Yoramu, maneno utayatafuta wewe.

Nitayatafuta wapi? Na mimi nilivishwa kibao kama hicho shuleni, nina miaka tisa, muhula mzima. Nikajifunza kunyamaza. Likizo nikirudi, mama akinisemesha namjibu Kiswahili, mpaka Kinyamwezi kikanitoka. Mwishowe alijifunza Kiswahili yeye, utu uzimani, ili apate kuongea na mwanawe. Mjinga mimi! Hilo sikulifikiria hata mara moja mpaka leo.

Jumatano, 13 Novemba 1974

Nimekwenda kwa Mzee Ngollo, rafiki wa marehemu baba. Kacheka mpaka kakohoa. Mwalimu mzima kaja na daftari! Anasema anaweza kunipa maneno ya ukoo wake, nami nitakuwa nimempeleka mtoto kwa mizimu ya watu wengine. Ya kwenu, anasema, aliyabakiza baba yako kwa mama yako. Kamwombe.

Nikarudi nyumbani, nikamwomba mama. Akashika kibao, akanionyesha. Darasani tulikubaliana Kiswahili tu, sivyo? Ndivyo nilivyomwelewa. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala la kijiji.

Ijumaa, 15 Novemba 1974

Kitovu kimedondoka alfajiri.

Mama kaketi kizingitini, mtoto mapajani, bakuli la maji kando, kibao shingoni. Amejaza maji mdomoni. Amekuja, basi! Hakukataa! Anasubiri niombe, nami nimekimbilia chumbani kwenye daftari hili kama mtoro.

Nilikuwa na miaka sita alipozaliwa mdogo wangu. Nilijificha nyuma ya mlango, nikamsikia baba akimwomba bibi. Neno la kwanza ninalo: mayu, mama. Baada ya hapo nasikia sauti ya baba tu, jinsi ilivyokuwa ikipanda na kushuka. Maneno yenyewe hayamo.

Koleta ananiita. Anasema mashavu ya mama yanatetemeka, lakini hatemi yale maji.

Natoka. Nina neno moja.