Ngozi ya Ng'ombe Wako Hii Hapa

Dar es Salaam,
Mei 1999

Kaka Masanja,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alinifunza kumwamkia mkubwa hata nikiwa na hasira naye, na leo ninayo. Mama hajambo? Wifi je, na ujauzito wake? Nasikia mvua zilikuwa nzuri hapo Usevya na mpunga umekubali. Nimefurahi. Mimi ni mzima, ingawa hujaniuliza.

Barua zako zote ninazo, ni saba. Juzi nilizitandaza kitandani nikazisoma moja baada ya nyingine. Kila moja, ukishamaliza salamu za mstari mmoja, unauliza: laptopu inaendeleaje, unaiweka wapi, nani anaigusa, itafika mwisho wa chuo? Ile ya mwisho umeandika kwamba ikifa kabla sijamaliza, nisikanyage hapo nyumbani. Basi tafuta kigoda ukae, kaka. Laptopu imekufa.

Sijasahau ilivyopatikana. Uliuza maksai wawili wa jembe ukainunua kwa yule Mzungu aliyekuwa anahesabu viboko mbugani, alipofunga mizigo kurudi kwao. Watu walisema Masanja amerukwa na akili, mimi nikakutetea. Ulinikabidhi mbele ya mama na baba mdogo, kwa maneno yale yale ambayo marehemu baba aliyatumia akimpa mtu ng'ombe akamtunzie. Ulisema, "Maziwa kunywa, hayo ya kwako. Ila huyu ng'ombe ni wa zizi hili. Akifa sitaki maneno mengi, we lete ngozi niione." Watu walicheka. Nilidhani na wewe unatania.

Hukuwa unatania. Likizo ya mwaka jana nilishuka stesheni ya Mpanda miguu imevimba kwa kusimama kwenye behewa. Ulinipita, ukachukua begi la laptopu, ukalifungua pale pale kwenye vumbi ukaikagua kona zote kama mnunuzi wa mnadani. Sanduku langu la chuma nilijitwisha mwenyewe. Watu walikuwa wanatutazama.

Halafu ile malaria ya mwezi wa pili. Nililazwa sijitambui, na Rehema, ninayekaa naye chumba kimoja, ndiye aliyekuandikia. Jibu lako lilipofika nilikuwa nimerudi chumbani, lakini mikono bado inatetemeka, kwa hiyo alinisomea yeye. "Pole kwa mgonjwa. Je, mashine imebaki kwa nani?" Aliikunja ile karatasi akaniuliza kama wewe ni kaka yangu wa damu. Nilimjibu ndiyo, na niliona aibu.

Sasa habari ya kifo chenyewe. Tangu siku ya kwanza betri haikukaa na chaji. Nikichomoa waya tu, inazima. Nilikuandikia, ukajibu kwamba ni uzembe wangu. Nikawa naitumia kwenye umeme tu, naifunika kanga, sili karibu yake, simwazimi mtu. Wiki tatu zilizopita, nikiwa katikati ya tasnifu, umeme ulikatika, na uliporudi haikuwaka tena. Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Alilegeza skrubu, akaigeuza juu ya gazeti, akaigongagonga mgongoni. Zikamwagika pumba.

Pumba za mpunga, kaka. Fundi alinitazama akasema, "Dada, hii ulikuwa unakobolea?" Akanionyesha palipoungua karibu na betri, akasema jeraha hilo ni la zamani, la umeme unaopanda na kushuka. "Hii ulipewa tayari mgonjwa," alisema. "Imejitahidi sana."

Hapa chuoni hatukoboi mpunga. Na laptopu ilikaa kwako wiki mbili kabla hujaniita kunikabidhi. Nilimwandikia wifi nikamuuliza, akanieleza ukweli, na usithubutu kumgombeza kwa hilo. Uliipeleka kwenye mashine ya kukoboa, ukaichomeka kwenye jenereta, watu wakapanga foleni kuiona inavyowaka, wewe umesimama katikati kichwa kimekuvimba. Ikatoa moshi. Ukaifuta, ukaifunga kwenye begi lake, ukaniletea, ukasema nikiiua nilete ngozi.

Ungesema tu. Haki ya Mungu ningecheka, maana hata mimi ningetaka watu waione. Lakini umenyamaza karibu miaka mitatu ukaniacha niishi na hofu ya kosa lako. Baba alikuwa na jina la mtu anayempa mwenzie ng'ombe mgonjwa huku akijua, kisha anakaa kusubiri kumhukumu. Unalikumbuka jina hilo. Silitaji, kwa kuwa mama atasomewa barua hii.

Tasnifu naimalizia kwa mkono, kama walivyofanya wengi waliosoma hapa kabla yangu, na karani wa idara atanipigia chapa. Umeuliza mara saba kama laptopu itafika mwisho wa chuo. Haikufika. Mimi nitafika.

Anayekuletea barua hii ni mwalimu wa hapo kijijini, alikuja huku kwa matibabu. Amebeba na kifurushi. Ndani utakuta kifuniko cha laptopu, na pumba nimezifunga kwenye karatasi ya daftari. Hiyo ndiyo ngozi. Nimekuletea kama ulivyoagiza, na kwetu aliyeleta ngozi hadaiwi ng'ombe. Mwonyeshe na baba mdogo, alikuwepo.

Msalimie mama, mwambie nakula vizuri na uso umerudi. Baba mdogo mwambie tumbaku yake sijaisahau. Wifi yangu mwambie akijifungua kabla sijafika, mtoto asipewe jina mpaka nije.

Mwisho wa mwezi wa saba nitashuka Mpanda. Lile begi halitakuwepo, nitakuwa na sanduku langu la chuma tu. Ukija stesheni, uwe umekuja kumpokea dada yako. Kama huna shida naye, usijisumbue, njia ya nyumbani naijua.

Ni mimi, mdogo wako wa kunyonya ziwa moja,
Kabula