Mutoto Aliacha Kutema Chai

Butembo, tarehe 14 mwezi wa tatu 2002

Papa Falonne,

Salamu zikufikie uko Kamango. Huku maharagi imetoka muzuri, lakini paa ingali inavuja.

Mutoto wetu Falonne angali anakohoa. Basoda na bunduki zabo balipora dawa yote ku dispensaire, na barabara ya Beni balifunga. Basi mimi namupikia tu chai. Ya citronelle, ile muchaichai, alisema inanuka sabuni. Ya tangawizi, eti inauma ulimi. Ya eucalyptus, eti napikia mbuzi. Anaonja sawa vile wewe unaonjaka ku usine, ile kiwanda yenu ya chai: anazungusha mu kinywa, anatema mu sahani, halafu anahukumu. Miaka sita, anaongea kama chef, mukubwa wa kazi.

Siku ya Mungu, Jumapili, nilichemusha ile majani nyeusi uliacha mu kikopo. Alitema, akasema: «Papa atakataa hii.» Nilifurahi sana: alikuwa angali na nguvu ya kubisha.

Leo asubui nilimupa majani ya avoka, chungu sana, bila sukari. Alimeza yote. Hapana kutema, hapana kulalamika. Alinirudishia kikombe, akasema merci.

Bwana yangu Zacharie, kuya nyumbani. Hata kwa miguu.

Bibi yako,
Florentine