Nimeinyoosha Pua ya Ndege ya Mwanangu, Naogopa Kumwambia

Shangazi mpendwa,

Naomba unishike mkono maana kichwa changu kimevurugika, na ukiona maandishi yamepinda nivumilie, shule niliiacha mapema na mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu. Mimi ni mshona mapazia, mjane, nakaa na mwanangu wa kiume pamoja na mke wake katika nyumba aliyotuachia marehemu, chumba cha mbele ndicho nafanyia kazi, cherehani iko dirishani na meza ya kukatia vitambaa iko katikati, na hapo hapo mezani ndipo balaa lilipoanzia.

Mwanangu kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, ana mkono wa taratibu hujapata kuona, lakini tangu baba yake afariki alikuwa mtu wa "shikamoo mama" basi, anakula huku anaangalia ukuta, ukimuuliza jambo anajibu kama mtu aliye chumba cha pili, mpaka alipoanza hii kazi ya ndege. Nikisema ndege usifikiri ya karatasi, ni jeti ndogo, ukiilaza inamaliza meza yangu nzima, mwili ameuumba mwenyewe kwa faibaglasi, ina magurudumu yanayojikunja tumboni, na injini yake ni turbini ya kweli kama za ndege kubwa ila yenyewe ni ya kimo cha thamosi ya chai, inakunywa mafuta ya taa, na yeye anasimama chini anaiongoza kwa rimoti. Mtaani wanamwita Rubani wa Chini, naye anaitika.

Siku aliyoiwasha uani kwa mara ya kwanza nilidhani ndiyo mwisho wetu, ilianza kuvuma kama feni, ikakohoa, ulimi wa moto ukachungulia mkiani, halafu ikapiga ukelele mwembamba hata fizi zikawasha, na mashuka yangu kwenye kamba yakalala hewani kama yamepigwa pasi. Jirani yetu dereva wa lori akachomoza kichwa juu ya ukuta.

"Mama Mapazia, mmefungua uwanja wa ndege bila kutuambia?"

"Tumefungua," nikamjibu huku nakamata mashuka, "tunakungoja wewe uje ubebe mizigo!"

Mwanangu akacheka, Shangazi, alicheka mpaka akashika magoti, na mimi nikaingia ndani nikalia kwa furaha maana kicheko kile nilidhani kilizikwa na baba yake.

Sasa hizi ndege zina kanuni, injini ikiwashwa lazima mtu mmoja asimame karibu na mtungi wa kuzimia moto, macho kwenye mkia, wao wanamwita mtu wa mtungi. Wenzake wanaorusha naye walipomuuliza siku ya kuirusha mara ya kwanza atamweka nani, akasema, "Mama yangu. Mama hababaiki." Akaninunulia na viatu vya kufunika vidole. Mimi niliyekuwa sithubutu kufagia upande wake wa chumba, maana siku moja niliifuta ile injini kwa kitambaa chenye maji akanikataza kabisa kugusa vitu vyake, leo nimekuwa mtu wa mtungi.

Basi sikia nilichofanya. Aliniomba nimshonee kifuko cha turubai, nikamshonea, akaomba na vipande vya risasi, yale madini mazito ninayoyashonea ndani ya upindo wa pazia ili lianguke vizuri, nikampa, akavijaza kwenye kifuko na kukiweka ndani ya pua ya ndege. Kisha akaitundika ndege darini, juu ya ile meza yangu, kwa mikanda miwili chini ya mabawa, akawa anachungulia, anaongeza kipande, anatoa kipande, mwisho akasema "sasa imekaa," akaiacha inaning'inia kwa sababu kulikuwa na gundi bado haijakauka, akaenda kazini.

Nikabaki nayo peke yangu. Nashona naitazama, nashona naitazama. Nikaona pua imeinama. Si sana, lakini imeinama, na mimi Shangazi maisha yangu yote natazama vitu vinavyoning'inia, pazia likishuka upande mmoja hata kwa upana wa kucha nalala nalo moyoni. Nikasema maskini mwanangu, amechoka, hajaona. Nikaingiza mkono nikatoa vipande kadhaa mpaka ndege ikakaa sawasawa, ungeweza kuiwekea glasi ya maji mgongoni isimwagike, na kwa sababu kulikuwa na mteja amesimama mlangoni ananigombeza nimemchelewesha, vile vipande nikavitia kwenye upindo wa pazia lake, akaondoka nalo. Mwanangu aliporudi akaishusha, akaifunga pua kwa skrubu, akapaka rangi juu yake, wala hakutazama ndani. Mimi nikajisemea nitamwambia siku ikisharuka vizuri, tucheke wote.

Kumbe. Jioni ile akaja rafiki yake fundi wa lifti, wanarusha pamoja, tukakaa kula.

"Mizani umepima?" akauliza fundi wa lifti.

"Nimepima. Nimeiacha iinamie pua kidogo, makusudi."

"Afadhali. Yule mwenzetu mwaka ule aliiacha yake imekaa sawa, unakumbuka?"

"Acha nisikumbuke nakula," akasema mwanangu. "Mkia ukiwa mzito inainua pua kama farasi aliyeona nyoka, na hapo ukishika rimoti ni sawa na kushika sahani tu."

Nikaanza kukohoa, nikasingizia pilipili.

Nikamwambia mke wake, maana yeye ndiye mwanamke mwenzangu ndani ya nyumba, anauza kwenye duka la dawa, ana akili, ana shule. Akaacha kukunja nguo akanitazama.

"Mama, umeshamwambia?"

"Bado."

"Basi usimwambie."

"Ikianguka je?"

"Ikianguka si imeanguka? Sina mume, mama, nina mpangaji anayenuka jiko la mafuta. Mwache airushe, idondoke, alie siku mbili, arudi kwangu."

Nikamwambia hayo maneno gani, akasema, "Mama, wewe mwenyewe umelala vizuri lini tangu kile kitu kiingie humu?" Na kweli silali vizuri, nikisikia kiberiti tu nashtuka.

Sasa Shangazi, Jumapili ijayo ndiyo siku, kwenye uwanja mkubwa, watu wanakuja kutazama na watoto wao, wanawekewa kamba wasimame nyuma yake. Mimi nimechanganyikiwa. Nikifikiria kufungua zile skrubu nirudishe vipande kimyakimya, sikumbuki nilitoa vingapi, na rangi itabanduka. Nikifikiria nijifanye mgonjwa asiende, ataenda na mtu mwingine ashike mtungi. Labda atapima tena mwenyewe. Labda nilitoa vichache visivyo na maana, labda wanaume walikuwa wanatiana chumvi tu mezani. Pazia likinyooka wateja wanasifu, ndege ikinyooka inakuwa hatari, sasa mtu kama mimi angejuaje? Na la aibu ambalo hata mkwe sijamwambia ni hili, nikilala naiona ndege inaanguka na moyo unanipasuka, nikigeuka upande wa pili naiona inaanguka na moyo unatulia. Sijui naogopa ianguke au naogopa isianguke. Na nikimwambia ataninyang'anya mtungi, atarudi kuangalia ukuta, na safari hii mimi ndiye nitakuwa nimemrudisha huko.

Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nisaidie mwenzio.

Mama wa Rubani wa Chini


SHANGAZI ANAJIBU

Mama, pole, na pole yangu ni fupi kwa sababu muda ni mfupi. Barua yako nimeipata jana. Nimepiga namba yako jana hiyo hiyo asubuhi, mchana na jioni, inaita haipokelewi, nadhani cherehani inaimba kuliko simu. Nimewaomba wahariri waondoe barua nyingine kwenye safu yangu iingie ya kwako, katika gazeti la leo Jumamosi. Kwa hiyo ukisoma hapa, ndege bado iko chini.

Unaniuliza kama ulichotoa ni kingi au ni kidogo. Mimi sijui. Wewe hujui. Mkweo na shule yake hajui. Anayejua ni mtu mmoja tu, na ndiye pekee ambaye hakuna aliyemwambia. Unaona mlivyojipanga humo ndani?

Sikulaumu kwa kuinyoosha. Uliona kitu kimeinama, mkono wako ukafanya ulichozoea. Macho yako hayakukosea hata kidogo, ulichokosea ni kudhani kila kinachoning'inia ni pazia. Hilo ni kosa la upendo na mwanao atalielewa, hata kama si leo. Lakini tangu usiku ule uliposingizia pilipili, hilo si kosa la upendo tena. Hapo umejua, ukanyamaza. Nakugombeza kwa hapo, na nakugombeza kwa nguvu.

Unasema labda atapima tena. Hiyo labda umeiweka juu ya kichwa cha nani? Kile kitu kina moto na mafuta ya taa tumboni, kinakwenda mbio kuliko lori la jirani yako, na kikikosa adabu angani hakitauliza kamba imefungwa wapi. Kuna mtoto wa mtu atakuwa amebebwa mabegani aone vizuri. Usiniletee labda.

Skrubu usiziguse! Umeshaitengeneza ndege mara moja, imetosha. Ukirudisha kwa kukisia utakuwa na makosa mawili badala ya moja. Wala usijifanye mgonjwa, ugonjwa wa uongo hauzuii ndege, unamzuia mama tu asiwepo. Na pazia la mteja liache lilipo, mwanao atapata risasi nyingine, kazi ya kupima ni yake.

Mkweo ana uchungu wa kweli na ushauri mbovu. Mke asiyeonwa na mumewe anaumia, hilo silipingi, na wewe kama mama mtu ungemwambia mwanao siku nyingi kwamba ana mke. Lakini mwanamume aliyeharibiwa kitu chake na watu wa nyumbani mwake, akaja kujua, harudi sebuleni. Anahama hata na chumbani. Wewe binti, najua gazeti hili unalisoma hapo kaunta: yaseme hayo maneno kwa mumeo mwenyewe, umwambie ananuka jiko, umwambie unamtaka. Usimtumie mama yake kama silaha.

Sasa la moyo wako. Kuona ndege inaanguka ukatulia hakukufanyi mama mbaya. Umemzika mume, umebaki na huyu mmoja, na huyu mmoja anacheza na moto. Nani asingechoka? Lakini ulichokiogopa wewe ni kumpoteza kwa moto, na ulichokipata kwa moto ule ni kicheko. Vyote viwili ni kweli, utaishi navyo, wala huhitaji kuchagua kimoja kabla ya kesho. Kuna kitu kimoja tu cha kuchagua kabla ya kesho.

Unaogopa atakunyang'anya mtungi. Anaweza, na ana haki. Lakini hebu nieleze mtu wa mtungi kazi yake ni nini. Si kupiga kelele anapoona hatari ambayo mwenye ndege hajaiona? Wewe umeiona. Yeye hajaiona. Piga kelele, mama. Ukinyamaza hapo umeshauacha mtungi hata kama umeushika.

Basi fanya hivi. Usingoje wageni waondoke, usingoje ale kwanza ashibe. Nenda alipo, na kama yuko kazini nenda kazini, mtoe kwenye meno ya watu. Usianze na marehemu baba yake wala na machozi, ukianza kulia atakubembeleza wewe na jambo lenyewe litapotea. Mwambie hivi tu: "Usiirushe kwanza. Ilipokuwa imening'inia nilitoa risasi puani nikaiweka sawa." Ukishasema, funga mdomo. Atakasirika, mwache akasirike, hasira yake ya leo ina mwisho. Akinyamaza akaangalia ukuta, usikimbie, vuta kiti ukae hapo hapo mpaka uone ile pua imefunguliwa na ndege imerudi kwenye mikanda yake. Akisema hataki kukuona kesho uwanjani, simama nyuma ya kamba na watu wengine.

Na wewe msomaji, kama mtaani kwenu kuna mama anayeshona mapazia, na uani kwake umewahi kusikia ukelele mwembamba usioelewa ni wa nini, usiniandikie barua. Kunja gazeti hili, nenda ukagonge mlango, na ugonge kwa nguvu maana yuko kwenye cherehani.