Kovu kwenye goti la Psyche

Maman,

Sijamwambia mtu yeyote: goti la Psyche, ile sanamu ya marumaru, nimeliharibu mimi, na lawama nimekuachia wewe.

Tangu tulipokuzika nimeshika kazi yako ya usafi kwa Madame, pale karibu na uwanja wa Flagey. Shule nilimaliza mwezi wa sita. Hakuna aliyeniuliza nataka nini. Kila asubuhi nashuka kwenye tramu nikiwa nimechoka tayari.

Sanamu iko palepale kwenye kona ya ngazi. Bado nakusikia ukiisalimu: "Bonjour dada, mpaka leo hawajakupatia nguo?" Siku Madame alipotusimulia kwamba Psyche aliolewa na mungu na kukatazwa kuona uso wake, ulingoja atoke, ukasema, "Alors, hata foto hawakumutumia?" Tulicheka mpaka maji ya ndoo yakamwagika.

Wewe ulimpangusa kwa maji ya vuguvugu na kitambaa cha pamba, basi. Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Wiki mbili zilizopita niliona alama ya kahawa kwenye goti, nikakata limau, kama tunavyosugua sufuria nyumbani. Kahawa ikatoka. Mng'ao nao ukatoka. Mfaransa aliyemchonga karne iliyopita aliichonga marumaru hiyo nyembamba hivi kwamba mabawa yake ya kipepeo yanapitisha mwanga. Mimi nimemwachia kovu la ukubwa wa kifungo cha koti. Ukiligusa, linakwaruza.

Madame haoni vizuri, lakini mara mojamoja akishuka ngazi humpapasa Psyche. Jumanne kidole chake kikafika kwenye kovu. "Maskini mama yako," akasema, "mwishoni alikuwa amechoka sana, hakujua tena anachofanya."

Nikajibu, "Ndiyo, Madame."

Maman, wewe! Miaka tisa umefuta vumbi kwenye mabawa yale bila kuvunja hata ncha.

Kazi hii naihitaji. Lakini ile "ndiyo" inanichosha kuliko ngazi zote za nyumba ile. Kesho nitamwambia ni mimi, kabla hata sijavua koti. Akinifukuza, nitakwenda Jette kuulizia kazi ya usafi hospitalini.

Pumzika sasa. Tantine Odile anasema unamjia katika ndoto. Ukienda kwake leo, ongeeni habari za Bukavu, za watoto wake, chochote. Hili usimwambie, tafadhali. Acha Madame alisikie kwanza kutoka kwangu.

Binti yako,
Espérance