Banda la Kanga na Komeo la Nje

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimemaliza banda la kanga. Imara, bati halichezi, hata bwana harusi angelala humo na asidai shuka.

Uongo. Sijapiga hata msumari. Nimeshinda kivulini nikizitazama mbao, nazo zikinitazama. Lakini ndivyo nilivyomwambia mama watoto kwenye simu, yuko wodini, jicho limefungwa bandeji. Aliuliza ndege wake wanalala wapi. Mdomo ukajibu kabla yangu. Akacheka! Mara ya kwanza tangu apasuliwe. Anarudi Jumamosi jioni.

Kanga wanalala juu ya bati la Miwani, jirani yetu mchomeleaji. Wakianza kelele alfajiri anatoka na bukta kuwatukana. Mimi najifunika shuka, kama si wa kwetu.

Jumanne, 7 Mei

Manyoya nyuma ya choo. Meusi, madoa meupe. Damu kidogo.

Kicheche. Kanga jike mmoja alishuka kutaga, akalala hukohuko chini. Mama watoto anawajua wote kwa sura — mimi naona kuku wenye majivuno, yeye anaona watu. Na huyu ndiye aliyekuwa akimfuata mpaka jikoni. Laiti mwenye bahati mbaya angekuwa mwingine yeyote!

Nimechimba mashimo ya nguzo. Kiuno kinalia kama kitanda kibovu.

Alhamisi, 9 Mei

Nguzo zimesimama, zimeegemea uzio wa Miwani. Moja imepinda. Hata mimi nimepinda na bado nasimama.

Miwani alikuja uzioni na miwani yake nyeusi, akasema wakilala tena juu ya bati lake anawatia sufuriani, na mimi nitaalikwa. Hakucheka. Nikacheka kwa niaba yake. Halafu nikajigonga nyundo kidoleni.

Ijumaa, 10 Mei

Wavu tayari. Matundu madogo, hata kidole hakipiti. Umepelea kona ya nyuma, pengo la kupitisha sahani. Kesho nitaziba.

Mlango sasa! Kamba, jiwe — ukiuachia unajifunga wenyewe, na komeo la nje linaangukia mahali pake, ka! Kicheche afungue hilo! Nimefungua na kuachia, kufungua na kuachia, kama mtoto na swichi ya taa.

Jioni kanga wakalitazama banda, wakanitazama mimi, wakaruka kwa Miwani.

Binti, ndiye anayemuuguza, kapiga simu. Mama hazungumzii jicho, anamzungumzia yule wa jikoni tu. Nikasema mtandao mbaya. Nikakata.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika na penseli ya kupimia mbao. Nimekaa chini. Ndani ya banda.

Jua likishuka nilichukua kopo la mtama nikaingia kinyumenyume, namwaga na kuwaita kwa sauti ya mama watoto, ile nyembamba. Aibu yangu. Lakini wakaja! Wote waliobaki, wakapanda kwenye fito juu ya kichwa changu, mmoja akaninyea begani. Nikatabasamu. Nikaachia mlango.

Ka.

Komeo liko nje. Fundi mkuu yuko ndani.

Kupiga kelele siwezi. Kanga wakishtuka ndani ya chumba wanakimbilia kona moja, wanapandana, wa chini wanakosa pumzi. Hilo mama watoto alinionya. Nimekohoa tu, wameanza kusukumana. Kuupiga mlango teke, ndiyo kabisa. Simu nimeiacha dirishani inachaji. Na kuondoka nilipo siwezi: lile pengo la nyuma, sikuliziba. Nimeliziba kwa mgongo wangu.

Kuna kitu kinanusa shati langu. Kwa nje. Kimetulia.

Kinanusa tena.

Binti alisema wameshatoka hospitali. Watafika sasa hivi, na mama watoto akishuka garini jambo la kwanza ni kuniita, sauti ya kufika sokoni. Watapandana wote, mbele ya jicho lake jipya.

Miwani yuko kibandani kwake, hatua moja tu ng'ambo ya uzio, anasaga chuma. Mashine yake kanga wameizoea, ni mimi wasionizoea. Nikisokota ukurasa huu kama sigara, utapita tunduni na kwenye uzio, umwangukie miguuni. Basi nimwandikie.

Jirani. Siku ulipoikanyaga sufuria ya mkeo kwa pikipiki, akaja kuniuliza, nilimwambia ni mbuzi. Mbuzi wa watu akashinda amefungwa. Sijawahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha. Vua viatu, zunguka polepole, uje na kipande cha bati, hata kibovu, ukiweke nyuma ya mgongo wangu kabla sijainuka. Usiniite. Usicheke mpaka nitoke. Ukimkuta mama watoto getini mwombe anyamaze kidogo, lakini habari ya yule wa jikoni usimwambie. Hiyo ni yangu, nitamwambia mwenyewe.

Ila kwanza komeo, jirani. Liinue tu.