Wanakuja Kuona Nyumba, Wanakula, Wanashukuru, Hawarudi

Mpendwa mshauri wangu Shangazi Mwantum, shikamoo, ingawa sijui kama umenizidi umri, naomba unisaidie kabla mvua hazijaanza maana mwenzio nimekwama. Mimi ni mama mjane, nakaa Chang'ombe hapa Dodoma, mume wangu Nathan alifariki mwaka juzi na watoto wameshatoka nyumbani, wa karibu amebaki Witness tu ambaye ni mwalimu na kaolewa Makole. Nyumba ni ya vyumba vitatu, tuliijenga wenyewe kidogo kidogo, tofali tulifyatua kwa mikono yetu, na uani Nathan alipanda mzabibu ambao sasa umetanda juu ya chanja mpaka unafunika ua wote. Sasa inabidi niiuze, mirathi tulishamaliza na watoto wote wameridhia, kwa sababu mama yangu mzazi yuko Haneti peke yake, macho hayaoni tena, na mwezi uliopita alianguka akienda chooni akalala pale chini mpaka jirani alipokuja kuomba moto, na kuhamia mjini amekataa katakata, anasema mjini hakuna hata pa kutemea mate, kwa hiyo inabidi nimfuate mimi, nikamjengee nyumba ya bati maana ile tembe yake ya udongo inavuja na mvua za mwaka huu sidhani kama itazistahimili.

Dalali wangu anaitwa Masudi, kijana mwaminifu, wateja analeta, tatizo liko kwangu au sijui liko kwao. Shangazi, sisi Wagogo mtu akivuka kizingiti chako ni mgeni, umemwita wewe au kaletwa na dalali ni mamoja, utamwachaje aondoke na midomo mikavu? Basi wakija nawakalisha sebuleni, nawapikia ugali wa uwele na mlenda, nawaonyesha picha za harusi yetu, nawaeleza historia ya nyumba, hapa ndipo Witness alipojifunza kutembea, pale ndipo marehemu alipokata roho, na wao wanaitikia vizuri tu, wanakula, wananishukuru, wanaondoka, hawarudi. Kuna mama mmoja mhadhiri, Mwislamu, huyo nilimheshimu sana, nikasema nimchukue jogoo nimpeleke kwa jirani yangu Suleiman amchinje ili mgeni wangu ale kwa amani, lakini jogoo alitukimbiza mtaa mzima na Suleiman naye alikuwa msikitini, chakula kilipoiva giza limeshaingia na umeme umekatika, mama wa watu akala kwa mwanga wa simu, paa hakuliona, choo hakukiona, akaniombea dua akaenda zake.

Juzi Masudi kaleta mtu na mkewe, Bwana Anyitike, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku, watu wa heshima zao. Hao nyumba waliipenda, niliona kabisa machoni. Ila yule mama alianza kufungua fungua, bomba kafungua, kabati la jikoni kafungua, akasukuma na mlango wa chumbani kwangu, nikamwambia, "Mwanangu, humo hata shemeji zangu hawaingii," akaomba radhi. Halafu wakatoka uani, mume akapima pima kwa miguu, nikamsikia anamwambia mkewe, "Huu mzabibu tukiutoa, gari linakaa hapa vizuri tu." Shangazi, hapo hapo nikasema karibuni chakula, nikawaingiza ndani, na baada ya hapo hawakuona kitu kingine zaidi ya mlenda.

Jana Masudi kanipigia simu kwa hasira. "Mama'angu, mimi nakuletea wateja, wewe unawageuza wakwe! Wale wa juzi nyumba wanaitaka, wameniambia, lakini wanaona aibu. Watakuulizaje habari ya ufa ukutani wakati ugali wako bado wako nao tumboni? Wanarudi Jumamosi. Ukiwasha jiko tu, mimi basi." Na Witness naye yuko upande wake, ananiambia mama, hao siyo wageni. Kama siyo wageni ni akina nani? Nifanye nini Shangazi, niwafungie jiko watu waliokuja kwangu kwa miguu yao, au nyumba ikae hivi hivi na mama yangu aendelee kuanguka?

Mama Witness, Chang'ombe

*

Marahaba Mama Witness, ingawa tukikutana huenda ikawa zamu yangu kukuamkia. Barua yako imenichekesha kwenye jogoo, kwenye mzabibu ikabidi niiweke mezani ninywe chai kwanza. Pole kwa kuondokewa na mwenzio. Pole na ya mama pia, hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Sasa nisikilize. Ukarimu wako sina ugomvi nao, na mgeni njoo mwenyeji apone ni kweli tupu. Lakini mgeni anakuja kukuona wewe. Mnunuzi amekuja kuona paa, choo na bomba, na wewe upo njiani unamzuia na sahani mkononi. Ukimlisha umemfunga mdomo. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kula mlenda wako halafu akapanda juu ya stuli kuchungulia mchwa kwenye dari lako. Anaondoka na wasiwasi wake, na mwenye wasiwasi hanunui. Kijana Masudi hakukosea kukasirika, tena mimi ningemshinda.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa upendo lakini nalisema. Mgeni hata umpende vipi, mwisho wake huaga. Nadhani moyo wako ulilijua hilo kabla wewe hujalijua. Kila aliyekuja kuichukua nyumba ya Nathan ulimfanya mgeni, akala, akaaga, nyumba ikabaki yako mpaka siku nyingine. Wala usione aibu. Nyumba uliyoifyatulia tofali si gunia la karanga la kumpa yeyote anayepita, na ningekushangaa kama usingeumia. Ila mama yako yuko gizani peke yake, na mvua hazina mazungumzo na mtu.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi picha za harusi na za watoto zishushe ukutani, zifunge kwenye kanga. Mtu hawezi kuwaona watoto wake katika sebule iliyojaa watoto wako. Hati halisi ya nyumba na vitu vyako vya thamani mpelekee Witness akutunzie. Wao waonyeshwe nakala, na hati halisi isitoke mikononi mwenu mpaka mkae mbele ya mwanasheria. Halafu fungua milango yote, na wa chumbani kwako kuliko yote. Tandika kitanda, toka, uache wazi. Mama, wanataka kununua nyumba nzima, huwezi kuwauzia vyumba viwili na sebule ukabakiza kimoja cha heshima!

Waje mchana, jua likiwa kali, waone kila kitu. Waje na Masudi, na asiingie mtu ambaye hakuletwa naye hata akijitambulisha kuwa ni mchungaji. Ufa usiuzibe na kalenda. Udongo wa Dodoma unapasua kuta za wakubwa na wadogo, hakuna asiyejua, basi waambiwe ulianza lini na kama unaongezeka. Siku za mgao wa maji waambiwe pia. Mahali alipofia marehemu, wakiuliza wajibiwe ukweli, wasipouliza siyo habari ya kuwapokelea mlangoni, maana wenzao uliwasimulia wakiwa bado na kijiko mkononi. Bei isitajwe wakiwa wanazunguka. Wamalize kuona, waende wakashauriane, Masudi atawafuata kesho yake. Na chakula hakuna. Maji ya kunywa na viti viwili barazani, inatosha.

Tuje kwenye mzabibu. Hapa ujikaze. Nyumba ikishakuwa ya Anyitike, na ua ni wake, akitaka kuegesha gari au kufuga bata huna usemi, na usije ukamwomba aahidi kuutunza, utamtesa bure na wewe utateseka kila ukipita barabara ile. Lakini leo bado ni wako. Chukua kisu, kata pingili za kutosha, zifunge kwenye gunia lililoloweshwa, na mkulima yeyote wa zabibu atakuonyesha jinsi ya kuzipanda. Huo wa Nathan nao bila shaka ulianza hivyo hivyo, kwa pingili ya ua wa mtu mwingine.

Umeniuliza kama siyo wageni ni akina nani. Ni watu wanaotafuta pa kukaa na watoto wao, kama ninyi mlivyotafuta. Ukiwaacha wakague kwa raha zao, hiyo nayo ni heshima, tena kubwa kuliko jogoo.

Nikishasema yote hayo, najua hutaweza. Watafika, utawaona wamesimama juani, na mkono utakwenda wenyewe kwenye sufuria. Kwa hiyo Jumamosi usiwepo. Ufunguo mwachie Witness, mwalimu anajua kusimama mbele ya watu bila kuwapikia. Wewe panda gari la asubuhi la Haneti, wewe na unga wako wa uwele na mlenda wako na pingili zako kwenye gunia. Wakati Anyitike na mkewe wanafungua mabomba Chang'ombe, uwe jikoni kwa mama yako unasonga ugali. Huyo mpikie mpaka mikono ichoke. Yeye akishakula hatakuaga.