Ghala la Kuwekea Sauti ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nyumbani tu wazima. Mama yangu kanywa uji wote, ingawa ulimi haujafunguka tangu kile kiharusi. Mume wangu mzima — goti tu. Binti mzima. Paka mzima. Mgonjwa ni simu. Betri imevimba, mgongo umefumuka. Fundi simu kaniambia ni ya kuhesabu siku, nisiichaji tena. Na ndani mna sauti za mama, arobaini na moja, alizonitumia kabla hajaugua. Ananikaripia, ananicheka, ananiombea. Ni hizo tu. Fundi anasema niziweke hifadhi ya mtandaoni. Ipi? Eti nichague mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Binti kanisomea hifadhi mbili na maoni ya watumiaji. Moja nimeiita Ghala Kubwa: watu mamilioni, nyota nne na nusu. Nyingine Ghala Dogo, watu wachache. Jirani yetu Mama Pacha yuko Kubwa, na wenzake wote wa kazini. Alipopita kutuona nikamwambia penye wengi pana mengi.
"Na penye mmoja je? Akifunga duka, umefungiwa nje."
Binti akashuka kwenye maoni ya nyota moja. Huko ndiko watu wanakotoa ya moyoni! Mmoja hakufungua Ghala Kubwa mwaka mzima, picha za harusi zikafutwa. Akaandika, asijibiwe.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaandikia wote wawili, barua moja. Nimewasalimu, nikawatajia watu wa nyumbani na hali zao, ndipo nikauliza: nisipofungua muda mrefu, mtamfuta mama? Binti kacheka mpaka kakaa chini. Kampuni haisalimiwi, anasema. Nimkabidhi mtu mama yangu bila hata hodi?
Ghala Kubwa likajibu kabla sijameza mate. Ndugu mteja, tatizo lako limepokelewa, namba hii hapa. Mimi sina tatizo. Nina swali.

Ijumaa, 7 Machi
Ghala Dogo wamejibu. Mtu kabisa, mwanamke. Hawafuti bila kukuarifu miezi mitatu kabla. Kisha akasema sisi ni wadogo, mama, nakala nyingine weka kwingine pia. Muuza duka anakuelekeza kwa mwenzake! Na chini kabisa: pole ya mama, na goti la baba linaendeleaje?
Mama Pacha kasoma. "Umenunuliwa kwa goti, shoga."
Kweli. Nimecheka siku nzima.
Nimejaribu kupandisha sauti moja Ghala Dogo, tukaifungua kwenye simu ya binti. "We mtoto, umekula?" Mama kitandani akageuza kichwa. Hakuitazama simu. Alinitazama mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Sauti zilizobaki zinapanda Ghala Dogo. Zikifika zote, nakala zitakwenda Kubwa. Simu ya moto, tumeilaza kwenye saruji, binti anaipepea kwa gazeti. Chaji asilimia tisa. Ya kumi na tisa... ya ishirini.
Nimemwandikia yule mwanamke kwa simu ya binti. Najua ni Jumamosi. Nimemwambia mama yuko njiani anakuja kwako, mpokee, uhesabu ngapi zimefika, maana huku sioni vizuri, kioo kinazima kinawaka. Asilimia sita. Nijibu upesi, mwanangu, hata neno moja tu: amefika.